Jibu: Kuandika vitabu vya hesabu bila diploma ya hesabu

Ndugu yangu wa Lubumbashi, umeuliza kama mtu aliyesoma falsafa anaweza kuishi kwa kuandika juu ya hesabu. Anaweza. Mtazame Martin Gardner wa Marekani. Alipata digrii ya falsafa Chicago mwaka 1936, na hesabu aliishia ile ya sekondari. Alifanya kazi kwenye gazeti la watoto, akibuni michezo ya kukunja na kukata karatasi. Usiicheke kazi hiyo, maana ndiyo iliyomfungulia mlango: Desemba 1956 gazeti la sayansi Scientific American lilitoa makala yake juu ya heksafleksagoni, yaani karatasi iliyokunjwa kuwa umbo la pembe sita, ambayo ukiigeuza hutoa nyuso zilizofichika, na mwezi uliofuata akapewa safu yake. Akaiandika kwa miaka kama 25 hivi.

Mimi hapa Kadutu, Bukavu, niliitengeneza: nilikata ukanda kwenye kalenda ya zamani, pembetatu kumi za pande sawa, nikakunja mara tatu na kugundisha ncha. Ukibana pembe na kufungua katikati, uso wa tatu unatokea. Wanafunzi wangu walinyang'anyana ile karatasi hadi ikapasuka!

Gardner alisema kutojua kwake kulimsaidia: alihangaika sana kuelewa jambo, basi akajua msomaji atakwama wapi. Wataalamu walimwandikia barua, yeye akauliza tena na tena. Mchezo uitwao Life wa mwanahesabu John Conway, ambamo vyumba vya miraba huwa hai au hufa kwa kanuni chache, wengi waliujua kupitia kwake, Oktoba 1970.

Ila kwanza hakikisha una kazi ya kukupa mkate wa kila siku. Hata yeye alianza kwa mshahara wa gazeti, vitabu vikafuata.