Kutembeza bakuli hadi ukingo wa dunia

Wiki hii nusu ya maswali yanahusu watu wa hapa Dodoma wanaochangishana wasafiri kwenda kuhakikisha kama dunia ni bapa. Nimeokota machache. Yale ya "kwa nini maji ya bahari hayamwagiki" nimeshayajibu mara tatu na sirudii.

Tuko 40 kwenye kundi la WhatsApp. Kila mmoja atoe 50,000 kwa mwezi mpaka tufike Antaktika tuone ukuta wa barafu wa ukingo wa dunia. Inawezekana? (Nkuhungu)

Hesabu hiyo inaleta milioni 2 kwa mwezi, kama wote watalipa, na sijawahi kuona kamati ya harusi ambayo wote walilipa. Desemba 2024 mchungaji mmoja wa Colorado, Will Duffy, alipeleka watu wa pande zote mbili Union Glacier, kule kule Antaktika, waangalie kama jua la kiangazi linazunguka angani saa 24 bila kuzama. Gharama ilizidi dola 30,000 kwa kichwa. Kwa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni milioni 75, yaani miaka mitatu na zaidi ya michango yenu kwa ajili ya mtu mmoja.

Na huyo mmoja akirudi? Jeran Campanella, aliyekuwa mtangazaji maarufu wa dunia bapa, alienda, akaliona jua halizami, akakiri kwamba alikosea kudai jua hilo halipo. Wenzake wa jana wakasema amenunuliwa. Hilo ndilo la kujadili kabla ya nauli: mtamwamini mjumbe wenu akileta habari msiyoipenda?

Si kweli kwamba Antaktika ni marufuku kwa mkataba? (Kizota)

Si kweli. Mkataba ulisainiwa na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, unakataza shughuli za kijeshi na unaruhusu utafiti. Watalii wanakwenda kila mwaka. Kinachokuzuia wewe ni nauli.

Hela ashike nani?

Akaunti ya benki yenye sahihi mbili za watu wasio ndugu. Si simu ya mwenyekiti. Niliwahi kuchangia kisima ambacho mweka hazina wake "alipoteza laini", na mpaka leo tunachota kwa jirani.

Kwa nini Dar wanafuturu kabla yetu? (Kigoma)

Dunia inajizungusha digrii 1 kila dakika 4, na kati yenu na Dar kuna digrii kama 9 na nusu. Zidisha.

Hakuna jaribio la hapa hapa nchini, la bei ya mtu wa kawaida? (Kisasa)

Hatimaye swali la mtu aliyekaa akafikiri! Chukua ramani utazame Babati, Dodoma na Iringa: miji mitatu iliyopangana kaskazini kwenda kusini karibu kwenye mstari mmoja, na mabasi yapo. Kila mji uwe na mtu mwenye nondo ya mita moja iliyosimamishwa kwa timazi.

Nusu ya mbinu ni kuchagua siku. Kama tarehe 8 Oktoba jua linapita utosini mwa Dodoma. Nilijaribu uani kwangu. Saa sita kamili kivuli bado kilikuwa kimelala magharibi, urefu wa kiganja, jirani akanicheka. Nikamwambia asubiri. Saa sita na dakika 25 kivuli kilikuwa kimeingia chini ya nondo, hakuna cha kupima. Saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki ya nchi yote, ndiyo maana adhuhuri ya kweli hapa inachelewa. Wengi hupima saa sita kamili halafu wanalaumu sayansi.

Dakika hiyo hiyo Babati kivuli kinaangukia kaskazini, sentimita 3 na ushei. Iringa kinaangukia kusini, karibu sentimita 3. Kwa vivuli hivyo, tofauti ya pembe ya jua kati ya miji hiyo miwili ni kama digrii 3.55, na umbali ulionyooka kwenye ramani (si wa barabara, tafadhali!) ni kama kilomita 395. Gawa 360 kwa 3.55, zidisha kwa 395: unapata kama 40,000, mzunguko wa dunia. Eratosthenes, mwanazuoni Mgiriki, alitumia njia hiyo hiyo kati ya Syene na Alexandria, kule Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Mbishi atasema vivuli vinatofautiana kwa sababu dunia ni bapa na jua liko karibu. Sawa, hesabu inampa jua lililo juu kilomita 6,400 hivi. Basi alisubiri jua hilo jioni. Likiwa limesogea magharibi kilomita 10,000, bado lingetakiwa kuonekana theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Lakini magharibi linazama kwa ukubwa ule ule wa adhuhuri, halipungui.

Tunafikiria roketi ndogo. (Makulu)

Msifikirie. Mike Hughes wa Marekani alichangiwa kwa jina la dunia bapa, akarushwa na roketi ya mvuke, akafa Februari 2020. Puto lenye kamera nalo linahitaji kibali cha anga, na lenzi pana yenyewe hupindisha upeo wa macho.

Tukikosana juu ya matokeo? (Mpwapwa)

Mtakosana. Mwaka 1870 mwanasayansi Alfred Russel Wallace aliweka dau la pauni 500 na John Hampden, muumini wa dunia bapa, kupima mfereji wa Bedford, Uingereza. Wallace alionyesha maji yamepinda, msuluhishi akampa ushindi. Hampden alimtukana kwa barua kwa miaka, na mahakamani dau likaonekana halina nguvu kisheria, hela zikarudi. Andikeni kwanza, kila mmoja kwa mkono wake, ni matokeo gani yatamfanya abadili msimamo. Asiyeweza kuandika asichange, anataka picha tu.

Nimeshatoa 200,000. Mwenyekiti anasema hairudishwi. (Chamwino)

Idai kwenye kundi mbele ya wote, si faraghani. Ikirudi, nondo ya mita moja haifiki hata robo yake, na uani kwangu Oktoba nafasi ipo.