Kabla hujaandika mwongozo wa programu ya profoma

Mwongozo wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 46 na hakuna aliyeusoma. Niliuandika kwa ajili ya programu ya kutengenezea profoma, ile karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kununua, katika karakana moja ya madirisha na milango ya alumini hapa Tanga, Ngamiani. Kila kitufe nilikipiga picha, nikakichorea mshale mwekundu: "Bonyeza hapa kuhifadhi." Kana kwamba kuna asiyejua. Nilipopita pale baada ya wiki mbili, niliukuta umewekewa kikombe cha chai juu yake. Dada wa kaunta alikuwa na mwongozo wake mwenyewe, daftari la kurasa nne zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu.

Nikamwomba nilione. Mstari wa kwanza: "Mteja akitaka bei yenye VAT humohumo, usitoe 18, gawa kwa 1.18."

Mimi nilikuwa nimeandika "jaza bei" basi. Bei ipi, yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au isiyo nayo? Chukua mteja aliyekubali kulipa 1,180,000 kwa kila kitu. Ukikata asilimia 18 ya hiyo jumla, unabaki na 967,600. Ukigawa kwa 1.18 unapata 1,000,000, na VAT yake ni 180,000. Kwa kukata badala ya kugawa, karakana imejipunja 32,400 kwenye karatasi moja, na programu haina kosa lolote. Ilikuwa na visanduku viwili, cha bei yenye VAT na cha isiyo nayo, mwongozo ukanyamaza.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza kazi hii, kaa kaunta siku mbili tatu kabla hujagusa kibodi. Andika maswali ya wateja kama yanavyoulizwa, ndiyo yatakuwa vichwa vya sura zako. Na maneno uyachukue hukohuko: mimi niliandika "makadirio ya gharama za mteja" ukurasa baada ya ukurasa, na wenyewe wanasema profoma.

Palipo na asilimia, jiulize ni asilimia ya nini. Hapa ndipo watu wazima wanapogombana. Mwenye karakana anasema, "Weka faida 25." Gharama ni 800,000. Yeye anajumlisha robo ya gharama, anapata 1,000,000. Programu ile ilihesabu faida kama sehemu ya bei ya kuuzia, ikatoa 1,066,667. Wote wawili wako sahihi, mteja ndiye amekwenda duka la pili. Maelezo ya aya nzima hayakusaidia. Kilichosaidia ni mfano mmoja uliokokotolewa hadi mwisho, gharama juu, bei chini, kila hatua na mstari wake. Punguzo nalo ni hivyo hivyo. Ukipunguza 50,000 kabla ya VAT, ile milioni inaishia 1,121,000. Ukipunguza baada yake ni 1,130,000. Onyesha programu yako inafuata ipi.

Vipimo usivipite. Mteja wa Tanga anakutajia futi, fundi anapima kwa sentimita, kisanduku kinataka milimita. Kuna siku upana wa 120 uliingizwa hivyo hivyo, tukampa mtu profoma ya dirisha la sentimita 12. Bei aliipenda sana.

Kiwango cha kodi usikitawanye kila ukurasa. VAT ilianza mwaka 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na hakuna aliyekuahidi kwamba haitaguswa tena. Eleza mahali kinapobadilishwa, kisha mifano yako iandikie tarehe. Picha za skrini ziwe chache, maana toleo jipya likija ndizo za kwanza kusema uongo. Ongeza sentensi moja kwamba profoma si risiti. Mauzo yakifanyika, risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, itoke.

Muda wa bei uupe nafasi yake. Bei za alumini ni kama huo msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Mteja alirudi na profoma ya miezi mitano, haina tarehe ya mwisho, akaiweka mezani kama hati ya nyumba. Mwenye karakana alimtengenezea kwa bei ile ile, kisha akanipigia simu. Sitayaandika aliyoniambia.

Mwongozo wa sasa una kurasa tisa. Daftari la dada yule bado lipo, na kila toleo jipya likitoka napita kulichungulia, kwa sababu mstari wowote mpya mle ni kitu nilichosahau mimi. Mara ya mwisho nilikuta mmoja: "Ukinakili profoma ya zamani, badilisha tarehe kwanza." Nimeuweka ukurasa wa pili, kwa maneno yake yeye.