Uyoga wa mwavuli: angalia rangi ya unga wake

Kofia pana yenye magamba ya kahawia haitoshi kuutambua, ndugu yangu. Kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli hadi asubuhi. Unga (vijimbegu vya uyoga) ukidondoka wa kijani, tupa: huo ni uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, unatapisha vibaya, na ukiwa mchanga chini ya kofia ni peupe vilevile. Unga ukiwa mweupe, bado usile. Mwavuli halisi una shina lenye mabaka kama ngozi ya nyoka. Fukua kitako chake. Ukikuta kifuko, shuku Amanita, jamii ya uyoga ambao baadhi yake huua. Uyoga wenye kofia ya upana usiofika sentimita 10 usiuchume kabisa: baadhi ya uyoga wadogo wa jamii ya Lepiota wana sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi.