Daktari wa ulingoni: ulizia malipo kabla ya kuulizia mabegi

Madaktari vijana wanaponiuliza kuhusu kazi ya ulingoni, huanza na tiba: wabebe dawa gani, kidonda gani cha kushona, pambano lisimamishwe wakati gani. Ni maswali ya maana na nitayagusa. Ila ushauri wangu wa kwanza ni kuuliza nani anakulipa, na atakulipa lini. Nimekaa kando ya ulingo miaka mingi, kwenye ngumi za ridhaa, za kulipwa na mapigano mchanganyiko, na nina hakika kwamba namna daktari anavyolipwa ndiyo inayoamua kama neno lake litasikika mambo yakiharibika.

Malipo ya kazi hii kwa kawaida ni ya mkupuo, kwa usiku mzima, yawe mapambano matano au kumi na mawili. Penye kamisheni imara, yaani chombo kinachosimamia mchezo, promota huilipa kamisheni hiyo, nayo ndiyo humteua daktari na kumlipa. Huo ndio utaratibu wa kuung'ang'ania. Penye kamisheni legelege, promota hupiga simu mwenyewe, mnakubaliana kwa mdomo, na fedha unaahidiwa "baada ya pambano kuu".

Promota mmoja aliniahidi hivyo. Katika pambano la utangulizi, bondia aliyekuwa akimjenga alirudi kona jicho la kushoto limevimba. Akapenga pua kwenye taulo, na uvimbe ukapanda hapohapo nikiutazama, jicho likafunga. Hiyo ni dalili ya kuvunjika kwa mfupa mwembamba wa tundu la jicho: hewa ya puani hupenya kwenye ufa na kujaa chini ya ngozi. Nikamwambia mwamuzi inatosha. Promota alinifuata kabla glovu hazijavuliwa, akaniuliza nimetumwa na nani kumharibia shughuli. Fedha zangu nilizidai kwa wiki kadhaa, na zilipokuja zilikuwa pungufu. Uamuzi ule ningeufanya tena leo. Lakini mfikirie daktari mwenye kodi ya nyumba inayomsubiri, aliyekaa kiti kilekile, naye anajua kwamba mtu aliyeshika bahasha yake anataka pambano liendelee. Hakuna anayepaswa kuwekwa kwenye jaribu hilo, na bondia hana kosa lolote la kulilipia kwa jicho lake.

Kwa hiyo taka barua. Iseme kiasi, iseme kwamba unalipwa kabla ya kengele ya kwanza au kupitia kamisheni, na iseme kwamba malipo hayapungui pambano likikatishwa, wala ukimkatalia mtu kupanda ulingoni siku ya kupima uzito. Siku hiyo ya uzito ihesabu peke yake. Wengi wanaitoa bure na mimi naona si haki, maana nusu ya kazi iko pale: kusoma majibu ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C, kukagua macho, kuangalia picha za ubongo pale zinapotakiwa, kuuliza mara ya mwisho alipigwa nokauti lini, na kumtambua aliyejikausha maji mwilini ili afikie uzito. Huyo wa mwisho mtazame sana. Midomo imekauka, mapigo yako juu, naye anaapa kwamba yuko sawa.

Barua hiyohiyo iseme mamlaka yako. Sheria hazifanani: kwingine daktari anaweza kusimamisha pambano mwenyewe, kwingine anamshauri mwamuzi tu na mwamuzi ndiye anayeamua. Ulizia mapema, kisha kaa na mwamuzi dakika chache kabla ya shughuli mkubaliane ishara. Mapumziko kati ya raundi ni dakika moja, na wasaidizi wa bondia kwenye kona wanaitaka yote. Wewe utapata sekunde ishirini hivi. Mimi naanza kumtazama bondia akiwa bado anatembea kuelekea kwenye kigoda, kwa sababu miguu haidanganyi kama mdomo. Kisha namuuliza ni raundi ya ngapi, namwambia afuate kidole changu, nabonyeza kidonda nione kina chake.

Kidonda chenyewe kisikutishe kwa wingi wa damu. Kilicho juu ya nyusi, ambacho mtu wa kona anaweza kukizuia kwa adrenalini na vazelini, mara nyingi kinavumilika. Kilichoingia kwenye ukingo wa kope, au karibu na pua kwenye mfereji wa machozi, hicho ni cha kusimamisha. Vivyo hivyo chochote kinachomzuia kuona ngumi inakotokea. Vitali Klitschko alikuwa anaongoza kwenye karatasi za majaji wote watatu dhidi ya Lennox Lewis, Los Angeles, Juni 2003, daktari alipolikatisha pambano baada ya raundi ya sita. Kidonda kilikuwa juu ya jicho, na alipoinua kichwa ili akaguliwe, kope ilimziba. Watu walipiga kelele. Naliona hadi leo kuwa pambano kubwa, na naliona kuwa limekatishwa kwa haki.

Sasa gari la wagonjwa. Hapa sikubali mjadala hata kidogo. Liwepo ukumbini, lina dereva na wahudumu, oksijeni na vifaa vya kupitishia hewa, na hospitali yenye upasuaji wa ubongo iwe imeshaarifiwa. Likiondoka na mtu mmoja, shughuli inasimama mpaka lije jingine. Promota atakuambia ratiba ya televisheni inabana. Mwambie habari za Michael Watson, aliyeanguka baada ya pambano lake na Chris Eubank London, Septemba 1991. Hakukuwa na huduma ya kufufua kando ya ulingo, na hospitali ya kwanza aliyofikishwa haikuwa na upasuaji wa ubongo. Alipona akiwa na ulemavu wa kudumu, akaishtaki bodi ya ngumi ya Uingereza, na mahakama zikaamua kwamba bodi ilikuwa na wajibu kwake na haikuutimiza. Damu inapovuja ndani ya fuvu, kila dakika ina bei.

Hesabu pia bima, ambayo vijana wengi hawaifikirii kabisa. Bima ya hospitali unakofanya kazi mara nyingi haikufuati ulingoni. Soma mkataba wako, na kama haikufuati, mwandaaji aigharamie au uiongeze kwenye ada yako. Glovu, nyuzi, ganzi na kola ya shingo ulivyonunua kwa fedha yako viingie kwenye hesabu hiyohiyo. Ngumi za ridhaa nazifanya kwa kujitolea na nitaendelea, kwa sharti kwamba gari lipo na neno langu linaheshimiwa. Ila promota wa kulipwa mwenye hela ya taa, muziki na mikanda inayometameta, anayesema hana hela ya daktari wa pili, mwache aahirishe.

Na usifunge begi pambano kuu likiisha. Magomed Abdusalamov alimaliza raundi zote kumi dhidi ya Mike Perez jijini New York, Novemba 2013, akatoka, akaenda hospitali kwa teksi. Damu ilikuwa imeganda kwenye ubongo. Jimbo la New York lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 22 mwaka 2017. Kwa hiyo mkague kila mmoja baada ya pambano, aliyeshinda pia, na umrudie tena kabla hajaondoka. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine: hapo ni machela na gari la wagonjwa moja kwa moja.

Asiye na dalili mpe karatasi ya siku za kupumzika, ambazo kwa nokauti mara nyingi ni 60 au 90, nakala iende kamisheni ili asipande ulingo wa jirani wiki ijayo. Muulize analala na nani usiku huo, mweleze mtu huyo dalili za hatari, chukua namba yake, na upige simu asubuhi. Asubuhi hiyo nayo ni kazi. Iandike kwenye barua ya malipo tangu mwanzo.