Harage limeota kabatini, kitabu kinasema linahitaji jua

Swali: Ninafundisha Darasa la Pili hapa Moshi. Huwa ninawasomea watoto kitabu cha picha kinachoonyesha mbegu iliyofukiwa ardhini, juu yake jua linawaka, na maandishi yanasema mbegu inahitaji udongo, maji na jua ili iote. Tulipanda maharage kwenye makopo, kopo moja likasahaulika kabatini. Tulipolitoa, maharage yalikuwa yameota, tena marefu kuliko ya dirishani. Sasa watoto wanasema kitabu ni cha uongo. Mmoja ameniuliza pia mbegu ya ndizi iko wapi. Niendelee na kitabu hiki au nikiache?

Jibu: Endelea nacho, Mwalimu. Watoto waliokisoma kitabu kisha wakakipima kwa kopo lao wameshaanza sayansi yenyewe, na sitaki wanyamazishwe.

Wao ndio wenye haki. Ili harage liote linahitaji maji, hewa na joto la kutosha. Udongo si lazima, hata pamba iliyoloweshwa maji inatosha. Chakula cha siku za mwanzo limekibeba lenyewe ndani ya zile nusu zake mbili. Jua linapata kazi majani yakishatokeza, maana hapo mche unaanza kujitengenezea chakula. Mche ulio gizani humaliza akiba yake kwa kurefuka ukitafuta mwanga. Waambie watoto waangalie vizuri ule wa kabatini: shina jembamba, rangi ya manjano, majani madogo. Ukiuacha humo utakufa. Kwa hiyo jua la kitabuni linafaa kuwa ukurasa wa baadaye kidogo. (Zipo mbegu ndogo, kama za saladi, zinazopenda mwanga ndipo ziote, na ndiyo sababu hazifukiwi sana. Hilo waachie madarasa ya juu.)

Ongeza makopo mawili: moja kavu kabisa, jingine maharage yake yamezama majini muda wote. La kwanza halitaota, la pili litaishia kuoza kwa kukosa hewa. Acha watoto waseme sababu kabla hujaisema wewe.

Kisha fanya kazi ambayo kitabu hakiwezi kukufanyia. Loweka maharage usiku kucha, makubwa kama ya aina ya Lyamungo yanafaa zaidi kwa vidole vidogo. Asubuhi ganda litakuwa limelegea. Kila mtoto alimenye kwa kucha, atenganishe nusu mbili taratibu. Pembeni mwa nusu mojawapo ataona kitu cheupe chenye ncha, na juu yake vijani viwili vimekunjwa, vyembamba kama bawa la nzi. Hicho ni kiinitete, mmea mzima unaosubiri maji. Usiharakishe hapa. Watoto wengi wa umri huo huona mbegu ni kitu kikavu kisicho na uhai, na maneno yako peke yake hayatawabadilisha kama vile vijani viwili.

Ndipo urudi kitabuni. Vitabu vingi vya picha huruka kutoka mbegu ya mviringo hadi mche wenye majani mawili. Funua hapo uulize: katikati kumetokea nini? Watajibu kwa macho ukiwapandia maharage kwenye glasi ya plastiki inayoonyesha ndani, kati ya ukuta wa glasi na tishu mbichi. Mzizi hutangulia na kuelekea chini hata ukilipanda harage kichwa chini miguu juu. Shina hufuata likiwa limepinda, likizivuta zile nusu mbili juu. Wachore kila siku, na michoro yao uibandike kitabuni mahali palipokosa picha.

Kuhusu ndizi: kata ndizi mbivu kwa upana, uwaonyeshe vidoa vyeusi vya katikati. Hayo ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukomaa. Ndizi za porini zina mbegu ngumu tele, lakini watu walichagua migomba isiyo nazo na kuiendeleza kwa machipukizi. Mtoto yeyote aliyekulia kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, ameona chipukizi likichimbuliwa na kuhamishwa. Mwombe asimulie.

Kama kitabu ni cha Ulaya na kinaonyesha mbegu zinazopeperushwa na upepo, leta tunda kavu la jakaranda mlipasue. Mbegu zake zina mabawa. Kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo, watakuja nacho wenyewe kwenye soksi.

Jambo moja nakusihi. Maharage na mahindi ya somo yatoke jikoni au sokoni, kamwe yasiwe mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi nyekundu au kijani, kwani rangi hiyo huambatana na dawa yenye sumu. Watoto wakitumwa kuokota mbegu njiani, waonyeshe kwanza mbarika na uwakataze kugusa mbegu zake, kwa sababu zikitafunwa zinaweza kuua.