Mafunzo kwa vitendo ya uanahabari: nilipata nafasi Kampala, nikaiacha, nikaenda Tororo

Ndugu yangu, umesema uko mwaka wa pili, umepeleka barua katika vyombo sita vya habari hapa Kampala tangu mwezi Machi, hakuna hata kimoja kilichokujibu, na idara yenu inataka jina la mahali utakapofanyia mafunzo kabla mitihani haijaisha. Nilipita njia hiyohiyo mwaka 2018, kwa hiyo nitakueleza yaliyonipata, pamoja na jambo moja ambalo natamani mtu angeniambia mapema: tafuta chumba cha habari ambacho utapewa kazi, hata kama jina lake halitamshangaza mtu yeyote nyumbani kwenu.

Kwanza, kimya cha barua zako usikihesabu kuwa umekataliwa. Katikati ya mwaka vyuo huwatoa wanafunzi kwenda mafunzoni kwa wakati mmoja. Wanafunzi wa Makerere, wa Chuo Kikuu cha Kikristo pale Mukono, wa Kampala International na wa vyuo vidogo vya uanahabari wote hukimbilia mahali palepale: Vision Group wanaochapisha New Vision na Bukedde, Daily Monitor pale Namuwongo, UBC, shirika la utangazaji la taifa, na vituo vichache vya televisheni. Katika kampuni kubwa barua ya mwanafunzi kwa kawaida hupelekwa kwa idara ya rasilimali watu, ambako huungana na nyingine nyingi, na mhariri ambaye ndiye angependa kukujua huenda asiione kabisa. Katika redio ndogo mambo ni tofauti: anayesoma barua, anayeamua na anayekuonyesha kiti mara nyingi ni mtu mmoja.

Mimi nafasi ya Kampala niliipata, tena katika chumba cha habari chenye jina, kwa kurudi mapokezi kila Jumanne mpaka mlinzi akanizoea. Nilifurahi mno. Siku ya kwanza nikakuta tuko wanagenzi kumi na tisa, na kompyuta zilizokuwa zimeachwa kwa ajili yetu zilikuwa tatu. Tulihudhuria kikao cha asubuhi tukiwa tumesimama ukutani, waandishi wakagawana kazi, kisha sisi tukabaki tukisoma magazeti ya jana. Baada ya wiki mbili na nusu nilikuwa na habari moja ya mistari minne, bila jina langu, kuhusu mkutano ambao sikuuhudhuria. Sisemi kwamba palikuwa na mtu mbaya pale. Mhariri anayetakiwa kufunga kurasa kabla ya usiku hawezi kuwafundisha watu kumi na tisa, na mwandishi anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa hana sababu ya kukugawia chanzo chake. Lakini wiki kumi za mafunzo ni chache, na nilikuwa nimekwisha kupoteza robo yake.

Kuhama kunawezekana, ila kuna utaratibu. Usiondoke kimyakimya. Nilimwandikia msimamizi wangu wa chuoni barua ya ukurasa mmoja, nikaeleza idadi yetu na kazi niliyopewa, nikaomba barua mpya ya utambulisho iliyoelekezwa kwa redio moja ya Tororo. Aliniuliza swali moja tu, kama huko kuna mtu mwenye sifa za kunisimamia na kutia saini daftari langu la kila siku, akakubali. Chumba cha habari cha kwanza niliwaaga kwa maandishi. Mji wetu wa habari ni mdogo na nimekutana na watu wale mara nyingi tangu hapo.

Tororo nilipachagua kwa hesabu. Shangazi yangu anaishi pale, kwa hiyo kodi ya nyumba na chakula havikuwa tatizo, na hilo ulipime vizuri kwa sababu wanagenzi wengi hawalipwi hata nauli. Sababu ya pili ni lugha. Mimi nimekulia karibu na mpaka na Kiswahili ndicho tulichochezea uwanjani. Malaba, mji ulio mpakani na Kenya, hauko mbali, na madereva wa malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Rwanda na Kongo hawazungumzi Kiluganda wala hawana hamu ya kuhojiwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wenzangu walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari. Katika redio ya mpakani ndicho kilichonipa kazi.

Nilifika na barua mkononi. Mhariri wa habari akaisoma, akaikunja, akaniuliza: «Umekuja na habari gani?» Sikuwa na habari yoyote. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 200 kuja kulithibitisha. Akaniambia nitoke, nirudi saa nane mchana na kitu.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai 2018. Tarehe 1 ya mwezi huo kodi mbili mpya zilikuwa zimeanza kutozwa: shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kutumia mitandao ya kijamii, na asilimia moja ya kila muamala wa pesa za simu. Magazeti yote yalikuwa yakiandika kuhusu Bunge na mawaziri. Mimi nilikwenda sokoni, nikaketi kwenye kibanda cha wakala mmoja wa pesa za simu, mama wa makamo, nikahesabu wateja kwa saa mbili. Walikuja wanne. Wawili kati yao waliuliza makato, wakaondoka na noti zao mfukoni. Nikamrekodi mama yule kwa simu akieleza siku yake ya kawaida ilivyokuwa kabla ya kodi. Saa nane kasoro dakika tano nilikuwa mezani kwa mhariri, na kesho yake asubuhi sauti ya mama yule ilikuwa hewani, sekunde ishirini, katika taarifa ya saa moja.

Ilikuwa hewani pamoja na kosa langu. Niliandika kwamba anayetuma shilingi 50,000 atakatwa kodi ya shilingi 5,000. Asilimia moja ya elfu hamsini ni mia tano. Msomaji wa taarifa hakulishtukia, mhariri alikuwa amelala, ila mawakala wa soko zima hawakuwa wamelala. Simu ya studio ililia mpaka saa mbili. Nilidhani nimefukuzwa. Mhariri alinipa karatasi, akanitaka niandike sahihisho la sentensi tatu lisilo na visingizio, likasomwa saa saba mchana, kisha akanituma Malaba. Tangu siku ile sijaandika asilimia bila kuikokotoa mara mbili, na nilijifunza hivyo kwa sababu kazi ilikuwa yangu tangu mwanzo hadi mwisho. (Baadaye serikali ilirudi nyuma, kodi ikabaki nusu ya asilimia kwa anayetoa pesa pekee, nami ndiye niliyetumwa tena kwa mama yule kwa sababu nilikuwa nimeendelea kuipelekea redio ile habari hata baada ya kurudi chuoni.)

Sasa nirudi kwako. Zimebaki wiki chache, kwa hiyo usiandike barua nyingine sita za aina ileile. Chukua barua ya utambulisho kutoka idarani, ambatanisha ukurasa mmoja unaosema unazungumza lugha zipi, una simu inayorekodi au huna, unaweza kuanza tarehe gani, na mwishoni uweke madokezo mawili ya habari unazoweza kuzifanya katika wiki ya kwanza. Madokezo yawe ya mtaa unaoujua: nani wa kuhojiwa, yuko wapi, kwa nini sasa. Peleka mwenyewe, mchana baada ya taarifa ya saa saba, kwa maana asubuhi hakuna mhariri anayemtazama mgeni. Uliza wanagenzi wako wangapi mwaka huu na ni nani atakayesoma kazi yako kabla haijatoka. Ukijibiwa «tutaona», andika jina la aliyekujibu na umpigie baada ya siku tatu.

Kuna mambo machache yasiyoandikwa katika mwongozo wa idara. Sheria ya mwaka 1995 ya vyombo vya habari inataka mwanahabari awe na cheti cha kufanyia kazi hiyo, nawe huna, hivyo usiende kwenye maandamano au mahakamani peke yako. Nenda na mwandishi wa kituo, na barua yako iwe mfukoni kila siku. Katika mikutano na wanahabari utapewa bahasha, na utaambiwa ni nauli. Kanuni za maadili zilizo ndani ya sheria hiyohiyo zinakataza rushwa waziwazi, lakini mwanagenzi asiye na nauli ya kurudi hujaribiwa kuliko mwenye mshahara. Mimi nilipanga na mhariri mapema: kituo kikinituma, kituo kinilipie bodaboda. Alikubali kwa safari za mbali, na za karibu nilitembea. Na kama wewe ni binti, mtu anayetaka mkutane hotelini jioni ili azungumzie nafasi yako hana nafasi ya kukupa. Mwandikie msimamizi wako wa chuoni siku hiyohiyo, kwa maandishi yenye tarehe.

Daftari lako lijaze kila jioni, usingoje Ijumaa, na litiwe saini kila wiki. Msimamizi wa chuo alinitembelea mara moja tu, dakika arobaini, na alichotaka kukiona ni daftari lile pamoja na rekodi za habari zilizotoka hewani. Nilikuwa nazo thelathini na moja. Mwenzangu aliyebaki Kampala alikuwa na tatu, ingawa ni mwandishi bora kuliko mimi, na mpaka leo namwambia hivyo.

Hukusema nyumbani kwenu ni wilaya gani wala unazungumza lugha zipi. Andika hayo hapa chini, pamoja na tarehe ambayo idara imewapa, na kama ni upande wa mashariki, kati ya Jinja na Busia, nitakueleza ni vituo gani huwapa wanafunzi kazi ya kweli na uende kumwona nani.