Samaki Watano na Dau la Kimya

SWALI: Nilisimulia ngano ya mume na mke waliobakiwa na mikate mitano. Kila mmoja anataka mitatu, wakawekeana dau: walale kimya, atakayesema kwanza ale miwili. Majirani wakadhani wamekufa, wakawabeba kwenda kuwazika. Udongo ulipomwangukia mume, akapiga kelele: "Basi, wewe kula mitatu, mimi nitakula miwili!" Wazikaji wakatimua mbio. Hadhira yangu ilinitazama tu. Nilikosea wapi?

JIBU: Kwenye ngeli. Wazikaji wanakimbia kwa sababu wamesikia idadi bila kusikia jina la chakula, wakaona wao ndio watakaoliwa. Katika lugha ambazo "mbili" ni ile ile kwa mkate na kwa mtu, mikate inafaa. Kiswahili kinaumbua: anayesema "miwili" hajakusudia watu, na masikio ya hadhira yanalijua hilo kabla ya akili. Mayai ni mawili, viazi ni viwili. Hali ni ile ile. Tafuta chakula chenye upatanisho wa viumbe hai. Samaki watano, watatu, wawili: hapo fumbo linafunga.

Wawe wa kukaanga, na dau liishe adhuhuri ya kesho yake. Ukilivuta siku tatu, atatokea mtu kuuliza kama samaki hawajaoza, na ngano imekufia mkononi. Sharti la dau liwe kutosema na kutofumbua macho. Bila la pili, majirani hawana sababu ya kudhani ni maiti. (Suala la kupumua lipite haraka. Hakuna anayeuliza usipompa nafasi.)

Wazikaji nao wawe watano kamili, na idadi yao itajwe mapema, kama kwa bahati: "wakaja majirani watano na majembe." Ukiitaja baada ya ukelele, unaeleza kichekesho, na kichekesho kilichoelezwa ni hesabu ya darasani. Ndani ya ukelele wenyewe neno "samaki" lisiguswe kabisa. "Nimeshindwa" nalo liondoe, linawapa watu muda wa kubahatisha. Anza moja kwa moja: "Kula watatu, mimi wawili!" Kisha nyamaza, hesabu hadi tatu moyoni, ndipo majembe yaanguke.

SWALI: Nimesikia ngano ya dau hilo hilo, ila mume na mke wanagombana nani afunge mlango. Ni ngano nyingine?

JIBU: Ni ndugu. Katika orodha ya kimataifa ya ngano iliyoanzishwa na mtafiti wa ngano Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na watafiti wenzake Thompson, kisha Uther mwaka 2004, dau la kimya ni aina namba 1351. Ya mlango haina tatizo la ngeli: wezi wanaingia, wanazoa vyombo mbele ya macho yao, na hakuna anayefungua kinywa. Ni rahisi zaidi kwa fanani anayeanza.

SWALI: Nani aseme la mwisho?

JIBU: Mke. Anaketi, anajikung'uta udongo, anasema: "Umesema wewe. Watatu wangu."